Kusimamisha Skripti ya Kanzidata Katikati: Njia Ipi Ichaguliwe kwa Kazi Ipi

Skripti ya kanzidata inayoandikwa Kijitonyama na kutumwa kwa WhatsApp kwenda tawi la SACCOS huko Mbagala haisindikizwi na aliyeiandika. Inafunguliwa na mhasibu mwenye kazi nyingine mezani, kwenye kompyuta ambayo mwandishi hajawahi kuiona, na inaendeshwa kwa kubonyeza F5. Ikiwa kanzidata iliyochaguliwa dirishani siyo inayokusudiwa, au ikiwa skripti hiyo hiyo ilikwisha kuendeshwa wiki iliyopita, hakuna mtu pembeni wa kumzuia mhasibu. Skripti yenyewe ndiyo inayopaswa kujikagua, kugundua kwamba hali si sawa, na kusimama kabla haijagusa chochote.

Njia za kuisimamisha ni nyingi, na nyingi kati yake zinafanya kazi vizuri mezani kwa mtengenezaji lakini zinashindwa kwa mteja. Hapa zinalinganishwa kwa kigezo kimoja kinachozidi vingine vyote: ni nani atakayeiendesha skripti, na kwa chombo gani. Uzuri wa msimbo (code) hauna uzito mkubwa katika jambo hili. Sehemu kubwa ya ulinganisho inahusu SQL Server, mfumo wa kanzidata wa Microsoft, kwa sababu ndiko tatizo hili liliko na mitego mingi zaidi. Mifumo mingine, yaani PostgreSQL, MySQL na Oracle, inafuata kwa kifupi.

Mfano utakaotumika ni wa gawio. Chama kimeamua kutoa asilimia 8 ya hisa, na skripti inaongeza kiasi hicho kwenye salio la akiba la kila mwanachama. Mwanachama mwenye hisa za shilingi 500,000 anastahili shilingi 40,000. Skripti ikiendeshwa mara mbili anapata 80,000, na ikikatika katikati wapo wanachama watakaopata na wengine watakaokosa. Mkaguzi wa hesabu hatauliza kosa lilitokea mstari gani; atauliza kwa nini vitabu havilingani.

Chanzo cha ugumu: neno GO

Wengi wanaoanza hudhani kwamba faili la skripti linapelekwa kwenye seva likiwa kitu kimoja. Sivyo. Neno `GO` linaloonekana kila baada ya mistari kadhaa si amri ya lugha ya SQL, na seva hailijui kabisa. Linatambuliwa na vyombo vinavyoendesha skripti, hasa SQL Server Management Studio (programu yenye dirisha la kuandikia na kuendeshea amri) na `sqlcmd` (ya mstari wa amri), ambavyo hukata faili mahali penye `GO` na kupeleka kila fungu la amri (batch) peke yake. Seva inapokea fungu la kwanza, inalimaliza, kisha inapokea la pili bila kufahamu kwamba yote mawili yametoka kwenye faili moja. Kwa hiyo amri ya kusimama iliyotolewa ndani ya fungu la kwanza inalisimamisha fungu la kwanza tu, na chombo kinaendelea kupeleka yanayofuata.

Matokeo yake yanaonekana wazi kwenye mfano huu. Skripti inaanza na `USE SaccosKuu`, kisha `GO`, kisha amri za kuunda majedwali. Kwenye kompyuta ya tawi kanzidata imepewa jina jingine, hivyo `USE` inashindwa na maandishi mekundu yanatokea. Mafungu yanayofuata yanaendelea kama kawaida, na majedwali yanaundwa ndani ya kanzidata iliyokuwa wazi wakati huo, ambayo mara nyingi ni `master`, kanzidata ya mfumo wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi `GO` isiondolewe. Mara nyingine inawezekana kuiondoa, na hilo litajadiliwa hapa chini. Lakini amri za kuunda prosija, mionekano, funksheni na triga (programu ndogo na hoja zinazohifadhiwa ndani ya kanzidata) zinataka ziwe za kwanza katika fungu lao, na ukiongeza safuwima mpya kwenye jedwali kisha ukaitumia ndani ya fungu hilo hilo, seva inakataa kwa kusema safuwima hiyo haipo, kwa sababu fungu zima linatafsiriwa (compile) kabla safuwima haijaongezwa. Skripti yoyote inayobadili muundo wa kanzidata itakuwa na `GO` kadhaa, upende usipende.

RETURN, bendera, na fungu moja

`RETURN` ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kwa skripti isiyo na `GO` hata moja ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Inahitaji mstari mmoja, haihitaji ruhusa maalumu, inafanya kazi kwenye chombo chochote, na msomaji yeyote anaielewa. Unakagua sharti, unatoa ujumbe, unaandika `RETURN`, na kazi inaishia hapo. Mara tu `GO` ya kwanza inapoingia, `RETURN` inakuwa hatari, kwa sababu inaonekana kama ulinzi ilhali inalinda kipande kidogo tu. Hatari hiyo huja taratibu: skripti iliandikwa bila `GO`, mwaka unaofuata mtu mwingine akaongeza prosija mwishoni pamoja na `GO` zake, na hakuna aliyekumbuka kwamba ulinzi wa juu haufiki huko chini.

Wapo wanaojaribu kutatua hilo kwa kigezo cha ndani (variable), yaani kutangaza `@simama` mwanzoni na kukikagua baadaye. Haiwezekani, kwa sababu vigezo vya ndani hufa fungu linapoisha. Mbadala ni jedwali la muda, tuseme `#hali`, ambalo linaishi kwa muda wote wa muunganisho, na kila fungu linaanza kwa kulikagua na kufanya `RETURN` likikuta alama ya kosa. Hili linafanya kazi hadi unapofika kwenye fungu la kuunda prosija, ambalo haliruhusu kitu chochote kutangulia. Zaidi ya hapo, fungu moja likisahauliwa, ulinzi wote umetoboka mahali pasipoonekana. Sioni sababu ya kuichagua njia hii.

Njia ya kuandika kila kitu ndani ya fungu moja ina heshima zaidi. Amri zinazodai fungu lao zinafungwa ndani ya `EXEC('...')`, inayoendesha maandishi kana kwamba ni fungu la pekee, na skripti nzima inazungushiwa `TRY` na `CATCH`, jambo lisilowezekana kukiwa na `GO`, kwa kuwa `TRY` haiwezi kuvuka mpaka wa fungu. Faida yake ni kubwa: karibu kosa lolote la utekelezaji likitokea, udhibiti unaruka moja kwa moja hadi `CATCH`, ambako unatangua (unafuta) muamala, yaani kundi la amri zinazothibitishwa au kufutwa kwa pamoja, kisha `THROW` inapeleka kosa kwa aliyeendesha. Gharama yake ni usomaji. Kila alama ya nukuu ndani ya `EXEC` lazima iandikwe mara mbili, mhariri wa msimbo hapaki rangi wala haonyeshi makosa humo ndani, na prosija yenye mistari mia mbili iliyofungwa namna hiyo ni mateso kuirekebisha. Kwa skripti fupi ya gawio ningeichagua. Kwa skripti ya kuboresha toleo zima la mfumo nisingeichagua.

NOEXEC: chaguo la kwanza kwa anayebonyeza F5

`SET NOEXEC ON` inaiambia seva iendelee kupokea na kutafsiri kila fungu lakini isitekeleze lolote. Mpangilio huu ni wa muunganisho, si wa fungu, kwa hiyo unavuka `GO` zote zilizobaki. Unawekwa mwanzoni namna hii, `RAISERROR` ikiwa ni amri ya kutoa ujumbe wa kosa na 16 ikiwa ni uzito wa kosa hilo:

```sql
IF DB_NAME() <> N'SaccosKuu'
BEGIN
    RAISERROR (N'Hii siyo kanzidata ya SaccosKuu. Hakuna kilichobadilishwa.', 16, 1);
    SET NOEXEC ON;
END
GO
IF EXISTS (SELECT 1 FROM dbo.SkriptiZilizokwishaEndeshwa
           WHERE Jina = N'Gawio')
BEGIN
    RAISERROR (N'Gawio lilikwisha kuingizwa. Hakuna kilichobadilishwa.', 16, 1);
    SET NOEXEC ON;
END
GO
```

Mstari wa mwisho kabisa wa faili unakuwa `SET NOEXEC OFF`, nao unatekelezwa hata kama kila kitu kingine kimezimwa. Mstari huo si wa hiari. Ukisahauliwa, dirisha linabaki katika hali ya kutotekeleza, na mhasibu atakayeandika `SELECT` humo dakika tano baadaye ataambiwa kwamba amri zimekamilika vizuri bila kuona safu hata moja, na atapiga simu akiamini kwamba data ya chama imefutika.

Njia hii haihitaji usimamizi wa seva, haihitaji kuwasha chochote kwenye chombo, na haibadilishi jinsi skripti nyingine inavyoandikwa. Ndiyo maana naipa nafasi ya kwanza kwa skripti zinazotumwa matawini na kuendeshwa kwa mkono. Hata hivyo ina tabia tatu za kuzijua kabla ya kuitegemea.

Kwanza, kwa kuwa mafungu bado yanatafsiriwa, makosa ya kutafsiri yanaweza kuonekana. Jedwali lisipokuwepo kabisa seva hunyamaza, kwa sababu huahirisha kulitafuta hadi wakati wa kutekeleza. Lakini jedwali likiwepo na safuwima ikakosekana, maandishi mekundu yatatoka ingawa hakuna kilichotekelezwa. Ndiyo sababu ujumbe wa kwanza useme bayana kwamba hakuna kilichobadilishwa, ili anayesoma Mbagala ajue lipi la kuamini.

Pili, `NOEXEC` ikiwashwa wakati muamala uko wazi, amri za `COMMIT` (kuthibitisha) na `ROLLBACK` (kutangua) zilizo chini nazo hazitatekelezwa. Muamala utabaki wazi, majedwali yatabaki yamefungwa, na matawi mengine yataona mfumo umeganda hadi dirisha lile lifungwe. Tangua muamala kwanza, ndipo uwashe `NOEXEC`.

Tatu, na hii hakuna mpangilio wa seva unaoweza kuitibu, Management Studio ikikuta maandishi yameteuliwa kwa kipanya huendesha yaliyoteuliwa peke yake. Aliyeteua nusu ya chini ya faili na kubonyeza F5 ameruka ulinzi wote. Maelekezo yanayoambatana na faili lazima yamtake mwendeshaji abofye mahali patupu kwanza. Ikiwa hilo halitoshi, skripti isiendeshwe dirishani hata kidogo.

Kosa la kiwango cha 20

Ushauri unaosambaa sana ni kuandika `RAISERROR` yenye uzito wa 20 pamoja na `WITH LOG`. Makosa ya uzito wa 20 hadi 25 huhesabiwa kuwa ya kuangamiza, na seva hukata muunganisho papo hapo. Muunganisho ukikatwa, mafungu yaliyobaki hayana pa kwenda, na seva yenyewe inautangua muamala wowote uliokuwa wazi. Ukiijaribu kwenye kompyuta yako inaonekana ni dawa kamili.

Tatizo ni ruhusa. Uzito wa zaidi ya 18 pamoja na `WITH LOG` vimehifadhiwa kwa wenye mamlaka ya juu ya seva. Mtengenezaji karibu kila mara ni msimamizi kamili kwenye mashine yake, kwa hiyo jaribio linafaulu. Kwenye seva ya mteja iliyowekwa kwa uangalifu, mwendeshaji ana ruhusa za kanzidata moja tu. Hapo seva inakataa amri hiyo yenyewe kwa kosa la kawaida la ruhusa, muunganisho haukatwi, na mafungu yanayofuata yanaendelea kutekelezwa. Ulinzi unatoweka mahali pale pale ulipohitajika. Aidha, kila inapofanya kazi huacha taarifa ya kosa zito kwenye kumbukumbu za seva na za Windows, na msimamizi makini atapoteza asubuhi yake akitafuta hitilafu isiyokuwepo. Ningeiacha kabisa, isipokuwa kwenye skripti za msimamizi mwenyewe anayezitumia yeye peke yake.

Kuendesha kwa mstari wa amri

Kama unaweza kumpa mwendeshaji faili dogo la kubofya badala ya skripti ya kufungua dirishani, mambo yanabadilika kwa kiasi kikubwa, na uamuzi wa kusimama unahamia kwenye chombo chenyewe:

```
sqlcmd -S . -d SaccosKuu -E -b -I -i gawio.sql
```

Swichi ya `-b` inaifanya `sqlcmd` isitishe kazi na kurudisha namba ya kosa mara fungu lolote linapotoa kosa lenye uzito unaozidi 10. Hapo `THROW`, iliyoingia na SQL Server 2012, inatosha kabisa kusimamisha kila kitu, kwa sababu kosa jipya linaloanzishwa nayo huwa na uzito wa 16 daima. Kumbuka tu kwamba amri inayotangulia `THROW` lazima iishie na nuktamkato. Ujumbe wa `PRINT`, au `RAISERROR` yenye uzito wa 10 au chini yake, hausimamishi chochote. Swichi ya `-d` nayo ni ulinzi kabla ya ulinzi: kanzidata yenye jina hilo isipokuwepo, kuingia kunashindwa na hakuna hata mstari mmoja unaopelekwa. Usiiache `-I`, kwa kuwa bila hiyo `sqlcmd` huzima mpangilio wa majina yaliyo ndani ya nukuu, na majedwali yenye faharasa za kuchuja (filtered index) hukataa kubadilishwa.

Hapa hakuna wa kuteua nusu ya faili, na namba ya kosa inaweza kukaguliwa na faili la kubofya ili limwonyeshe mwendeshaji ujumbe wa Kiswahili kilichonyooka. Kwa chama chenye matawi kadhaa na mtengenezaji mmoja, hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Ipo pia amri ya `:on error exit`, ambayo inaleta tabia hiyo hiyo ndani ya Management Studio, mradi hali ya SQLCMD iwe imewashwa kwenye menyu ya Query. Isipowashwa, mstari huo unageuka kosa la sarufi na mafungu mengine yanaendelea. Vyombo vya Microsoft vinavyozalisha skripti za usambazaji vinalikabili hilo kwa kuweka kigezo cha `:setvar` na kukagua kama kimetambuliwa. Kisipotambuliwa, skripti inawasha `NOEXEC`. Ukiamua kutumia `:on error exit`, weka ukaguzi huo pia.

Kusimama hakurudishi kilichokwisha kufanyika

Njia zote zilizotajwa zinazuia mistari inayofuata. Hakuna hata moja inayofuta mistari iliyotangulia, isipokuwa pale muamala ulipokuwa wazi. Ukaguzi wa mwanzoni hauhitaji muamala, kwa sababu hakuna kilichoguswa bado. Lakini kosa linalotokea katikati, kama vile umeme kukatika Kigamboni wakati seva inaandika nusu ya wanachama, linahitaji muamala na si kitu kingine.

`SET XACT_ABORT ON` inaifanya seva itangue muamala mzima kosa la utekelezaji linapotokea, na bila hiyo makosa mengi huiua amri moja tu na kuiacha inayofuata iendelee. Ila ikikutana na `GO` inazaa mtego ambao naona haujaelezwa vya kutosha. Fungu la tatu linashindwa, muamala unatanguliwa, na fungu la nne linapelekwa kama kawaida. Sasa hakuna muamala tena, kwa hiyo kila amri ya fungu la nne na la tano inahifadhiwa moja kwa moja na kwa kudumu. `COMMIT` ya mwisho inatoa kosa namba 3902 kwamba hakuna muamala wa kuthibitisha, na hapo ndipo mwendeshaji anapogundua, ilhali nusu ya pili ya skripti imekwisha kuandikwa bila nusu ya kwanza.

Dawa ni kuunganisha muamala na `NOEXEC` kwa kuweka ukaguzi huu baada ya kila fungu:

```sql
IF @@ERROR <> 0 OR @@TRANCOUNT = 0
BEGIN
    IF @@TRANCOUNT > 0 ROLLBACK TRANSACTION;
    SET NOEXEC ON;
END
GO
```

Masharti yote mawili yanahitajika. `@@TRANCOUNT`, yaani idadi ya miamala iliyo wazi, inanasa makosa ya utekelezaji, ambayo yamekwisha kuifanya `XACT_ABORT` itangue muamala. `@@ERROR`, yaani namba ya kosa la amri iliyotangulia, inanasa makosa ya sarufi na ya kutafsiri, ambayo `XACT_ABORT` haiyagusi, yaani muamala unabaki wazi ingawa fungu zima halikutekelezwa. `RAISERROR` nayo haiheshimu `XACT_ABORT`, tofauti na `THROW`, kwa hiyo ndani ya muamala tumia `THROW`. Marudio haya yanachosha macho, nakubali, lakini yanaandikwa mara moja na kunakiliwa, nayo yana nafuu kuliko kurekebisha akaunti za wanachama kwa mkono.

Alama ya kwamba gawio limeingizwa, ile safu ya jedwali la `SkriptiZilizokwishaEndeshwa`, iandikwe ndani ya muamala huo huo, kabla tu ya `COMMIT`. Ikiandikwa nje, yawezekana alama ikawepo bila gawio, au gawio likawepo bila alama, na hali ya pili ndiyo inayoruhusu 80,000.

PostgreSQL, MySQL na Oracle

Aliye kwenye PostgreSQL ana kazi nyepesi. Amri nyingi za kubadili muundo zinaingia ndani ya muamala na kutanguliwa kama data nyingine, hivyo kwa `psql`, programu yake ya mstari wa amri, `psql -v ON_ERROR_STOP=1 -1 -f gawio.sql` inatosha: kosa la kwanza linasimamisha skripti, kila kitu kinatanguliwa, na `psql` inarudisha namba 3. Bila `ON_ERROR_STOP`, `psql` huendelea na mstari unaofuata. Ukaguzi wa masharti unaandikwa ndani ya `DO` yenye `RAISE EXCEPTION`. Tangu toleo la 10 ipo pia `\if`, inayoweza kutumika pamoja na `\quit`, lakini hizo ni amri za `psql` peke yake na pgAdmin, programu ya madirisha, haizielewi, kwa hiyo `RAISE EXCEPTION` ni chaguo salama zaidi usipojua mwendeshaji atatumia nini. Jihadhari na `CREATE INDEX CONCURRENTLY` na `VACUUM`, ambazo hazikubali kuwa ndani ya muamala. Zipe faili lao.

MySQL inasimama yenyewe kwenye kosa la kwanza faili linapopitishwa kwa programu yake ya `mysql`, isipokuwa mtu ameandika `--force`. Udhaifu wake uko kwingine: karibu kila amri ya kubadili muundo inathibitisha muamala uliokuwa wazi, uutake usiutake. Skripti iliyosimama katikati imeacha kila kilichotangulia `ALTER TABLE` ya mwisho. Kwa hiyo tenga faili la muundo na faili la data, chukua nakala rudufu kabla ya la kwanza, na uweke muamala kwenye la pili. `IF` haifanyi kazi nje ya prosija, kwa hiyo ukaguzi wa masharti unahitaji prosija ya muda inayotoa `SIGNAL SQLSTATE '45000'`, ambayo inaundwa, inaitwa na kufutwa ndani ya skripti hiyo hiyo.

Oracle inatoa `WHENEVER SQLERROR EXIT FAILURE ROLLBACK` kwa anayetumia SQL*Plus, programu yake ya mstari wa amri. Neno la mwisho ndilo la kuangaliwa: ukiandika `EXIT` bila `ROLLBACK`, SQL*Plus inathibitisha yaliyokwisha kufanyika kabla ya kutoka, kinyume na mtu anavyotarajia baada ya kosa. Kama ilivyo kwa MySQL, amri za muundo zinajithibitisha zenyewe. Ukaguzi wa masharti unaandikwa kwa `RAISE_APPLICATION_ERROR` yenye namba kati ya -20000 na -20999.

Kujaribu kabla ya kutuma

Njia yoyote utakayoichagua, ijaribu kwa kuikosea makusudi. Iendeshe skripti ukiwa ndani ya `master`, kisha uangalie kama kuna jedwali lolote jipya humo. Iendeshe mara mbili mfululizo kwenye nakala ya kanzidata ya chama na ulinganishe jumla ya akiba baada ya kila mara. Vuruga jina la safuwima moja katikati ya faili, uone kama mafungu ya chini yamebaki bila kutekelezwa na kama `@@TRANCOUNT` imerudi sifuri. Zaidi ya yote, fanya majaribio hayo ukiwa umeingia kwa mtumiaji mwenye ruhusa zile zile alizonazo mhasibu wa tawi, si kwa akaunti yako ya usimamizi, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti zilizoelezwa hapo juu hazionekani kabisa kwa mtu mwenye ruhusa zote.